Tuiulize Hesabu, Nayo Ituulize

Kila mwaka mkutano mkuu wa usharika unapoketi, husomwa taarifa ya hesabu: waliobatizwa, waliopata kipaimara, waliofunga ndoa, waliohamia, waliohama, waliolala katika Bwana. Msomaji husoma haraka, nasi tunangojea sehemu ya mapato na matumizi. Namba zikiwa zimepanda, tunapiga makofi na kumshukuru Mungu. Zikiwa zimeshuka, tunatafuta wa kulaumiwa: vijana wamepotoka, kanisa jipya la jirani limetuchukulia watu, mchungaji hatembelei. Ni mara chache tunauliza namba hizo zimepatikanaje. Na ni mara chache zaidi tunajiuliza kwa nini jibu letu lilikuwa tayari hata kabla taarifa haijasomwa.

Katika insha hii tunataka kuyatazama maswali hayo mawili kwa njia ya historia. Wengi wetu hudhani takwimu ni mali ya serikali na wachumi. Lakini elimu ya kuhesabu watu, waliozaliwa na waliokufa, ilikua kwa sehemu kubwa kutokana na vitabu vya makanisa, na wachungaji wawili wa Kilutheri wana nafasi ya heshima ndani yake. Mmoja aliiuliza hesabu akiwa tayari kusikia jibu lolote. Mwingine alikuwa na jibu lake kabla ya kuuliza. Wote wawili walikuwa watu wa imani, na wote wawili wana la kutufundisha.

Swali la Yoabu

Wakristo wengine huogopa kuhesabu. Wazee wetu katika makabila mengi hawakupenda watoto wala ng'ombe wao wahesabiwe, na mtu akitaka kuitetea hofu hiyo kwa Maandiko, atafungua 2 Samweli 24, Daudi alipowahesabu watu na tauni ikaipiga nchi. Hata hivyo, katika Hesabu sura ya 1 ni Mungu mwenyewe aliyemwagiza Musa awahesabu Waisraeli, kwa jamaa zao na kwa majina yao. Kwa hiyo dhambi haikuwa katika kuhesabu. Yoabu, jemadari wa Daudi, ndiye aliyegusa kidonda. Alimuuliza mfalme kwa nini analitaka jambo hili. Hakuuliza watu ni wangapi. Aliuliza moyo wa mfalme unatafuta nini katika namba hiyo.

Na tukisoma habari ile ile katika 1 Mambo ya Nyakati 21, tunakuta jambo lingine. Yoabu aliyeuliza swali zuri hakumaliza kazi. Aliwaacha Walawi na Wabenyamini bila kuwahesabu, kwa sababu neno la mfalme lilimchukiza. Namba iliyofika mezani pa Daudi ilikuwa na moyo wa mfalme ndani yake, na ilikuwa na moyo wa mhesabuji pia. Hata jumla zenyewe katika vitabu hivyo viwili hazilingani: kimoja kinasema Israeli 800,000 na Yuda 500,000, kingine kinasema 1,100,000 na 470,000. Biblia haikuona haya kutuwekea zote mbili. Msomaji mwaminifu hawezi kuzipita bila kuuliza ni nani aliyehesabiwa na ni nani aliyeachwa.

Mchungaji wa Breslau

Caspar Neumann alizaliwa mwaka 1648 katika mji wa Breslau, ambao leo uko Poland na unaitwa Wrocław. Alikuwa mchungaji wa Kilutheri katika mji huo huo, mtunzi wa nyimbo na mwandishi wa kitabu cha sala kilichotumiwa sana. Kama mchungaji yeyote, alizika watu. Na kama mchungaji yeyote, alisikia yale ambayo watu husema msibani.

Tangu zamani za Wayunani palikuwa na imani kwamba maisha ya mwanadamu yana miaka ya hatari, nayo ni ile inayogawanyika kwa 7 au kwa 9. Iliyoogopwa kuliko yote ni mwaka wa 49, yaani saba mara saba, na mwaka wa 63, yaani saba mara tisa. Wengine waliamini pia kwamba mwezi, kwa kupevuka na kufifia kwake, huongoza magonjwa ya watu. Haya hayakuwa maneno ya wajinga tu. Wasomi waliyaandika na waganga waliyafuata.

Ni rahisi kuona kwa nini imani ya namna hii haifi. Mzee akifariki akiwa na miaka 63, jirani watasema: tulijua. Mwingine akifariki akiwa na 61 au 66, hakuna anayesema neno. Kinachothibitisha imani yetu hukaa katika kumbukumbu, na kisichoithibitisha hupita kama maji. Ndivyo moyo ulivyo, wa msomi na wa asiyesoma.

Neumann angeweza kuipinga imani hiyo kwa mahubiri peke yake. Angeweza kusema ni ushirikina, naye angekuwa amesema kweli. Lakini alifanya jambo jingine: alifungua vitabu vya mazishi vya makanisa ya mji wake, akaandika waliokufa mwaka hadi mwaka, kila mmoja kwa umri wake na jinsia yake. Mahali pa kukumbuka mazishi yaliyokuwa na mshangao, akayahesabu yote. Alipomaliza, miaka ya hatari haikuonekana. Kifo hakikuwa na mapenzi ya pekee na saba wala tisa, na mwezi haukuwa na neno.

Neumann aliandika habari hizo kwa mwanafalsafa Leibniz, na kwa njia hiyo zikafika katika Chama cha Kifalme cha wanasayansi huko London. Humo alikuwamo Edmond Halley, yule ambaye nyota yenye mkia inaitwa kwa jina lake. Mwaka 1693 Halley alichapa jedwali lililotokana na hesabu za Breslau za miaka mitano, 1687 hadi 1691. Katika miaka hiyo walizaliwa watu 6,193 na wakazikwa 5,869. Kwa wastani, kila mwaka walizaliwa watoto 1,238. Kati yao 348 walikufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Wengine 198 walikufa kabla ya kufika miaka sita. Kufikia miaka 17 walikuwa wamebaki 616, yaani nusu ya waliozaliwa.

Tuzisome namba hizo taratibu, maana kila moja ni jeneza dogo lililobebwa na baba yake. Mji mzima ulikuwa ukiuogopa mwaka wa 63, na kifo kilikuwa kimekaa kwenye vitanda vya watoto wachanga. Hofu iliyoelekezwa mahali pasipo hatari huacha mahali penye hatari bila mlinzi. Hesabu ya Neumann iliondoa ushirikina, na zaidi ya hapo ilionyesha macho yalipaswa kutazama wapi.

Nasi tunayo miaka yetu ya 63. Tunasikia misibani kwamba vifo huja vitatu vitatu, kwamba ukoo fulani unaliwa, kwamba tangu fulani ahamie mtaani watu hawaishi kufa. Katika nchi yetu wameuawa bibi vizee kwa sababu majirani waliona vifo vimefuatana, wakamtazama mwenye macho mekundu, ambaye wekundu wake umetoka kwenye moshi wa kuni alizopikia maisha yake yote. Ushuhuda wa uongo wa namna hii huanza kwa kuhesabu vibaya: tunahesabu vifo tunavyovishuku na kuviacha vingine. Mahali penye kitabu cha mazishi kilichoandikwa vizuri, mwinjilisti au mzee wa kanisa anaweza kukaa na familia na kuwaonyesha kwamba vifo vya mwaka huu havikuzidi vya mwaka jana, au kwamba vimezidi kweli, tena kwa watoto wa chini ya miaka mitano, basi twende tukatazame maji tunayokunywa. Kazi hiyo ni ya kichungaji kama ilivyo kuombea wafiwa.

Kitabu kinaandika nini, na kinaacha nini

Hata hivyo vitabu navyo vina mipaka, na jambo hilo lilijulikana mapema. Mwaka 1662 mfanyabiashara wa nguo huko London, John Graunt, alichapa kitabu kidogo juu ya orodha za vifo zilizotolewa na parokia za mji ule. Graunt alikuwa na hamu ya kujua, tena hakukubali kudanganywa. Aliuliza: ni nani anayeandika kwamba huyu amekufa kwa ugonjwa huu? Akakuta ni wanawake wazee walioajiriwa kutazama maiti. Akaona pia kwamba waliokufa kwa kaswende walikuwa wachache mno katika orodha, kuliko mtu mwenye akili angeweza kuamini katika mji ule. Maelezo yake yalikuwa wazi: familia zenye aibu ziliwapa wale wazee pombe na malipo ya ziada, na ugonjwa ukaandikwa kwa jina lingine.

Graunt aliona jambo lingine linalotuhusu moja kwa moja. Vitabu vya kanisa havikuandika watoto waliozaliwa, viliandika watoto waliobatizwa. Katika miaka ya ugomvi wa dini, wazazi wengi waliacha kuwaleta watoto wao kanisani, na ubatizo ukapungua katika orodha. Mtu asiyeuliza angesema London imeacha kuzaa. Halley naye alipotafuta mji wa kupimia maisha ya wanadamu, aliiacha London kwa sababu ilijaa wageni waliokuja kufia pale bila kuzaliwa pale, na kwa sababu orodha zake hazikutaja umri wa waliokufa. Breslau, iliyo mbali na bahari na yenye wageni wachache, ilimfaa zaidi.

Hamu ya kujua ya namna hii haina dharau ndani yake. Anayeuliza namba imetoka wapi hamshitaki aliyeiandika. Anafanya kama tunavyofanya mgeni anapopiga hodi: tunamkaribisha, tunampa maji, kisha tunamuuliza habari za atokako.

Na namba iliyoulizwa vizuri huzaa matunda. Mwaka 1744 huko Scotland palianzishwa mfuko wa kuwatunza wajane na yatima wa wachungaji. Wachungaji wawili, Robert Wallace na Alexander Webster, hawakutaka mfuko unaotegemea kudra, ambao ungewalipa wajane wa kwanza na kuwaacha wa mwisho. Walikusanya habari kutoka katika sharika, wakakadiria kwamba palikuwa na wachungaji kama 930 kwa wakati mmoja, kwamba kila mwaka wangekufa kama 27, na kwamba 18 kati ya hao wangeacha wajane. Katika kupiga hesabu zao walitumia pia jedwali la Halley. Hivyo vitabu vya mazishi vya Breslau, ambavyo Neumann alivifungua ili apime hofu ya watu, miaka 50 baadaye viliwasaidia wajane wa Scotland kupata mkate. Neumann, aliyefariki mwaka 1715, hakuliona jambo hilo.

Namba iliyotumwa kuleta jibu

Sasa tuje upande mwingine. Mwaka 1710 John Arbuthnot, daktari wa Malkia Anne wa Uingereza, alitoa hoja iliyowafurahisha waumini wengi. Alichukua orodha za ubatizo za London za miaka 82, kuanzia 1629, akaona kwamba katika kila mwaka bila kukosa, wavulana walizidi wasichana. Kama kuzaliwa mvulana au msichana kungekuwa sawa na kurusha sarafu juu, alisema, jambo hilo haliwezekani kabisa kutokea mara 82 mfululizo. Basi si bahati, ni majaliwa ya Mungu: wanaume hufa zaidi katika hatari za kazi na vita, naye Muumba anafidia mapema. Kutoka hapo akaendelea hadi kusema kwamba ndoa ya wake wengi ni kinyume cha sheria ya maumbile.

Mwanahisabati Nicolaus Bernoulli alimjibu kwa utulivu. Chukua dadu yenye pande 35, alisema, 18 za wavulana na 17 za wasichana, uirushe mara nyingi kama watoto wanavyozaliwa London. Itakupa matokeo kama yale yale. Arbuthnot alikuwa ameonyesha kwamba kuzaliwa hakufanani na sarafu iliyo sawa pande zote. Hakuwa ameonyesha zaidi ya hapo. Muumini anaweza kuuliza ni nani aliyeichonga dadu, na swali hilo ni zuri, lakini hilo ni neno la imani. Namba haikulisema.

Miaka 31 baadaye akaja mchungaji wa pili tuliyemtaja. Johann Peter Süssmilch, aliyezaliwa mwaka 1707 karibu na Berlin, alikuwa mchungaji wa kijeshi katika jeshi la Prusia. Mwaka 1741, wakati wa vita vya Silesia, alichapa kitabu juu ya utaratibu wa Mungu katika kuzaliwa, kufa na kuongezeka kwa wanadamu. Alikusanya vitabu vya parokia kwa bidii ambayo haikuwa imeonekana kabla yake. Alielewa kwamba utaratibu hauonekani katika kijiji kimoja wala mwaka mmoja; unaonekana watu wanapokuwa maelfu na miaka inapokuwa mingi. Hata leo wanaosoma historia ya elimu ya idadi ya watu humtaja kati ya waasisi wake.

Süssmilch aliona kwamba huzaliwa wavulana 21 kwa wasichana 20. Aliona pia kwamba wavulana hufa zaidi utotoni, hata kufikia umri wa kuoa idadi zinakaribiana. Akafurahi: tazama, Mungu ameandaa mke mmoja kwa mume mmoja! Imani yake kwamba Mungu si Mungu wa machafuko ndiyo iliyompa subira ya kusoma vitabu vile vyote, na kwa hilo tunamheshimu. Lakini imani hiyo hiyo ilimfanya apokee kwa mikono miwili kila namba iliyokubaliana naye. Upendeleo wetu hautoki daima katika ubaya wa moyo. Mara nyingi unatoka katika kile tunachokipenda kuliko vyote, ndiyo maana ni vigumu kuuona.

Wanawake ni wengi?

Je, jambo hili linatuhusu? Tuitazame Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022. Tanzania ilihesabiwa watu 61,741,120. Wanawake walikuwa 31,687,990 na wanaume 30,053,130, yaani wanaume kama 95 kwa kila wanawake 100. Tumesikia namba za namna hii zikitumiwa vijiweni, na hata katika vikao vya harusi, kutetea mitala: wanawake ni wengi mno, mwanamume mmoja hawezi kuachiwa mmoja tu. Wengine huongeza kwamba ni saba kwa mmoja, jambo ambalo hakuna sensa iliyolisema.

Hapa ndipo tunaona hatari ya kuitundika imani kwenye msumari wa takwimu. Kama ndoa ya mume mmoja na mke mmoja inasimama kwa sababu Süssmilch alihesabu 21 kwa 20, basi sensa ikileta 95 kwa 100 ndoa hiyo inaanguka. Lakini sisi tunaishika kwa sababu ya neno la Mwanzo 2:24, ambalo Bwana wetu alilirudia katika Mathayo 19. Neno hilo halikungoja sensa, na sensa haiwezi kulifuta. Anayetetea mafundisho ya kweli kwa hoja dhaifu humpa mpinzani ushindi wa bure.

Lakini tusiishie kwenye kujibu hoja, maana hapo tutakuwa tumeitumia namba na hatujaiuliza. Tuulize kwa hamu ya kujua: hao wanawake waliozidi ni akina nani? Karibu kila mahali duniani huzaliwa wavulana wengi kidogo kuliko wasichana. Wanaume hufa mapema zaidi. Kwa hiyo katika umri mkubwa wanawake huzidi, na kati ya wanaozidi wamo bibi zetu, wajane. Namba iliyoitwa kijiweni kutetea tamaa ya kijana, ikiulizwa vizuri, inatupeleka kwenye mlango wa mama mzee anayeishi peke yake, na kwenye Yakobo 1:27. Inatupa pia swali la pili ambalo akina baba hatulipendi: kwa nini tunakufa mapema, na ni mangapi kati ya hayo tungeweza kuyaacha?

Amri ya Nane na kitabu cha usharika

Katika Katekisimu Ndogo Martin Luther alitufundisha kwamba Amri ya Nane inakataza kusema uongo juu ya jirani, na pia inatuagiza kumtetea na kuyapokea mambo yake kwa upande ulio mwema. Tunadhani amri hiyo inahusu ulimi tu. Inahusu pia hesabu. Ukisema vijana wa siku hizi hawaji kanisani na hujawahi kuwahesabu, umemshuhudia jirani yako. Ukiwahesabu Jumapili moja ya mvua, siku ambayo shule zimefunguliwa, umeshuhudia nusu. Ukiacha katika kitabu majina ya waliohama miaka kumi iliyopita ili usharika uonekane mkubwa, umeshuhudia jambo usilolijua. Mithali 18:17 inatukumbusha kwamba anayejitetea kwanza huonekana ana haki, mpaka mwenzake aje amhoji. Namba ya kwanza tunayoipenda ndiyo hasa inayopaswa kuhojiwa.

Njia moja ya kufanya hivyo ni nyepesi, na kila baraza la wazee linaweza kuijaribu. Kabla ya kufungua taarifa, kila mmoja aseme anatarajia namba itakuwaje na kwa nini. Aandike. Kisha taarifa ifunguliwe. Ikikubaliana naye, aulize maswali yale yale ambayo angeuliza kama isingekubaliana. Ikimpinga, asikimbilie kusema karani amekosea. Hapo namba inakuwa imemuuliza yeye: ulitaka nini, Daudi?

Mchungaji wa Luka 15 asingejua kwamba kondoo mmoja amepotea kama hakuwa amehesabu. Wala hesabu yake haikumpa haki ya kusema kwamba 99 kwa 100 ni matokeo mazuri. Alihesabu kwa sababu alipenda, na alipomaliza kuhesabu akatoka kwenda kutafuta. Vitabu vyetu vya usharika na vituelekeze huko: kwa mtoto aliyebatizwa ambaye hatujamwona tena, kwa mjane ambaye jina lake limebaki katika orodha na mguu wetu haujafika kwake. Bwana atujalie macho ya kuona kilichoandikwa, na moyo usiotangulia kuandika.